Simu Kumi na Saba

Mshona nguo mstaafu alikutwa kifudifudi sebuleni kwake, mkono wa simu ya mezani ukining'inia juu ya kichwa chake. Daktari alisema ni moyo. Marehemu alihangaika karibu saa nzima kabla ya kukata roho.

"Lazima aliita gari la wagonjwa," binti yake alimwambia Inspekta. "Mbona hawakuja, afande?"

Ripoti ya kituo cha simu za dharura ilisema marehemu alipiga mara moja tu. Mkuu wa upelelezi alitaka jalada lifungwe kabla ya saa nane, maana mazishi yalikuwa yanasubiri. Inspekta alikimbilia kituo hicho cha simu.

"Alisema nini?" alimuuliza mpokea simu wa zamu ile.

"Hakusema kitu, afande. Ilikatika."

"Hakupiga tena?"

"Ripoti si hiyo hapo?"

Alijibu upesi mno. Inspekta akaingia chumba cha pili kwa fundi wa kompyuta, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mwanangu, mashine huandika mstari mmoja, namba tu, kila simu inapoita," alisema fundi. "Mwenye shida hapigi mara moja akatulia. Lakini humu kwenye ripoti hakuna namba iliyojirudia mfululizo, siku nzima! Hii imechujwa."

"Kwa kitu gani?"

Aliandika neno moja kwenye skrini nyeusi: uniq. "Amri hii ikikuta mistari inayofanana imefuatana, inabakiza mmoja. Lakini faili la asili haliguswi. Nikiongeza -c, inatuhesabia mistari iliyofanana."

Akabonyeza. Kando ya namba ya marehemu ikatokea 17.

Inspekta akainamia skrini. "Nani aliichuja?"

Fundi alifungua kumbukumbu ya amri, akashusha sauti. "Huyo uliyetoka kuongea naye. Jana saa tatu asubuhi."

Nusu saa tu baada ya maiti kugunduliwa.

Mpokea simu alipoiona ile 17 kwenye karatasi, akavuta kiti, akakaa.

"Ya kwanza nilipokea. Alisema kifua kinambana."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba gari linakuja."

"Lilikuwa wapi?"

"Kwangu." Alifuta uso kwa kiganja. "Gari linalofanya kazi lilikuwa moja tu. Mke wangu alikuwa ameshikwa na uchungu. Mimba mbili zimetuharibikia, afande. Nikasema hii ya tatu, hapana."

"Hali ya mkeo ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Hata teksi ingemfikisha. Niliogopa tu."

"Na zile kumi na sita?"

"Ningemwambia nini? Niliiacha iite. Kila ikilia nilikuwa nawaza, hii ndiyo ya mwisho. Kisha kweli ikawa ya mwisho."

Inspekta alimsogezea karatasi ya maelezo. Yule bwana akaanza kuandika.

"Mtoto amezaliwa?"

"Wa kike," alisema. "Bado sijathubutu kwenda kumwona."