Makunyanzi ya Winfred

Sauti ilikuwa ya pasi. Lydiah aliisikia akiwa jikoni anakoroga uji wa mtoto: shwaa, kimya kidogo, shwaa, vile pasi ya makaa inavyopita juu ya shati lililonyunyiziwa maji. Akadhani ni mama mkwe wake ananyoosha mitumba ya kuuza sokoni Mikinduri. Alipoenda kumwuliza sukari iko wapi, alikuta chumbani hakuna mtu ila mtoto wake amelala, na pasi yenyewe iko juu ya kabati, baridi, imejaa vumbi. Chumba kilinuka udi, na nyumba ile ya mzee wa kanisa haikuwahi kufukizwa udi hata siku moja. Chini ya udi kulikuwa na harufu ya maziwa yaliyoungua.

Mtoto alikuwa na miezi minane. Aliitwa Kiende, jina la mama wa baba yake, kama ilivyo desturi ya Wameru, na kwao jina la namna hiyo si jina tu. Babu yake, Mzee Muthamia, alimwita "bibi yangu" na kumwuliza kila jioni amepika nini. Nyanya yake, Winfred Kiende, alimwita "mimi mdogo". Utani huo ulichekesha nyumba nzima.

Jioni ile Winfred alirudi kutoka sokoni anang'aa.

"Lydiah, niangalie hapa kwa paji."

Lydiah aliangalia. Paji lilikuwa laini, halina hata mstari mmoja.

"Ai, mama! Umepaka nini?"

"Siri ya wazee," Winfred akasema, akaingia chumbani kwake kujitazama kwenye kioo.

Chanzo chake kilikuwa harusi. Agosti hiyo, mwaka wa tisini na saba, mgeni kutoka Chuka alimsalimia Winfred kwa heshima zote, kisha akamgeukia Muthamia na kumwuliza kama huyu mama yake alisafiri salama. Muthamia alicheka. Mwanaume anayecheka mahali pale anastahili kulala nje. Winfred alimeza pilau yake na ule uchungu pamoja, na wiki iliyofuata akaenda Meru mjini, kwenye duka la Hinda, muuzaji wa manukato na krimu karibu na msikiti.

Hinda alikuwa mfanyabiashara mkweli, jambo ambalo hulipati kila duka la urembo. Alimshika Winfred kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Mama, nisikudanganye. Hii krimu ukipaka kila siku, miezi kadhaa, itapunguza hii mikunjo midogo ya macho. Na uvae kofia, jua ndio inaharibu. Lakini hii ya mdomo, na hii kubwa ya paji, hiyo itabaki. Hata daktari wa Nairobi na sindano yake atapunguza tu, na itarudi. Uso unaweza kupumzishwa, mama. Uso mpya hakuna."

"Sasa nijipake miezi yote hiyo nibaki mzee?"

"Ubaki wewe."

Winfred aliiacha krimu kaunta, akatoka amevimba kwa hasira. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi kimya kwenye benchi la duka akamfuata hadi barazani. Alivaa nguo nyeusi, uso umefunikwa, na alinukia udi.

"Mimi ninatoa yote," akasema kwa sauti ndogo. "Una wajina?"

Nyanya yeyote wa Meru akiulizwa hivyo hujibu kabla swali halijaisha.

"Ninaye! Wa kijana wangu. Bado ananyonya."

"Amepewa jina lako lote?"

"Lote. Huyo ni mimi kabisa."

"Basi niambie nichukue."

"Chukua," Winfred akasema, akicheka.

Kiganja kikapita juu ya paji lake mara moja, cha moto kama chini ya pasi. Alipofumbua macho baraza lilikuwa tupu. Mtu mwenye akili zake angekimbia kurudi kwa Hinda. Winfred yeye alijitazama kwenye kioo cha lori lililoegeshwa pale, akaona paji lake limeanza kulainika, akafurahi.

Lydiah hakujua lolote kati ya hayo. Alichojua ni kwamba siku baada ya siku mama mkwe wake alizidi kulainika, na kwamba asubuhi moja mtoto aliamka na mstari kwenye paji, mwembamba kama uzi. Akajiambia ni alama ya shuka. Akamwosha, hautoki. Mstari ukawa mfereji. Kisha ikaja ya pembeni mwa macho. Mchungaji aliitwa, akaomba kwa nguvu, na muda wote wa maombi mtoto alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anayemsikiliza kijana akizungumzia mambo asiyoyajua.

Jumapili moja mchana, baada ya kanisa, mvua za El Nino zikipiga bati mpaka watu wasisikizane, Lydiah aliisikia tena ile pasi, shwaa, shwaa, ikipita chini ya kelele ya mvua kana kwamba inapigwa ndani ya sikio lake mwenyewe, akaenda mbio chumbani, akasukuma mlango, akaona blanketi limebonyea pembeni mwa mtoto vile godoro hubonyea mtu akiketi, na ngozi ya shavu la mtoto ikisukumwa polepole na kitu asichokiona, ikikunjwa kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, mkunjo mzuri ulionyooka, na mtoto halii, anamwangalia tu mama yake na kushusha pumzi, huku chumba cha pili Winfred akiimba wimbo wa kanisa mbele ya kioo.

Lydiah alimbeba mtoto hadi kwa Winfred.

"Mama," akanong'ona, "huu mdomo ni wa nani?"

Winfred akatazama. Ulikuwa mdomo wake, ule aliokwenda nao dukani kwa Hinda. Lazima tumpe haki yake: hakujitetea. Alilia kwa sauti, akaeleza yote, na kesho yake asubuhi alimfunga mtoto mgongoni, wakaenda Meru yeye, Muthamia na Lydiah.

"Si nilikuambia inapunguzwa tu!" Hinda alisema. "Hakuna mtu anafuta!" Akamwita baba yake, Sheikh Burale, ambaye aliwahi kuwasomea Kurani wengi.

Sheikh alisoma hadi jasho likamtiririka. Ndipo mtoto akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mwanamke wa barazani.

"Sikuiba. Nilipewa."

"Rudisha," Sheikh akasema.

"Nitarudisha. Mwenyewe aseme kila mstari ulitoka wapi. Asisaidiwe na mtu. Asioujua si wake, na akisaidiwa, yote ibaki kwa mtoto."

Winfred alipiga magoti.

"Ya chini ya macho ni jua," akasema haraka. "Nikichuma kahawa ya baba yangu, tangu nikiwa msichana." Ngozi yake ikaungua, ikajikunja. Macho ya mtoto yakalainika.

"Hii ya pembeni ni huyu mzee. Vichekesho vyake." Muthamia akainamisha kichwa.

"Ya mdomo ni kunyamaza. Mama yake huyu, miaka yote tuliyokaa naye." Hata Sheikh alitaka kutabasamu. Mashavu ya mtoto yakajaa tena, na Lydiah akaanza kulia kwa furaha.

Ukabaki ule wa paji.

Winfred akajishika paji.

"Ni uzee," akasema.

"Hapana."

"Ni shida. Shida za sokoni."

"Hapana."

Akamgeukia mumewe. Muthamia alikuwa ameegemea ukuta, mikono yote miwili imeziba mdomo wake, machozi yanapita kati ya vidole. Mikinduri nzima ilijua mstari ule ulitoka wapi. Kabla ya Mutugi, mume wa Lydiah, walikuwa na mtoto mwingine, Rwamba, aliyechukuliwa na mto uliofurika akitoka shule, na mama yake alimtafuta kando ya maji hadi nyayo zikachanika, mpaka mwili ukaonekana. Lakini huo ndio mstari ambao kiganja kile kilianza nao, na kilipouchukua kilichukua na kumbukumbu ya huyo mtoto.

"Mzee, unalia nini?" Winfred akamwuliza kwa hofu. "Ni kitu gani? Niambie!"

Muthamia akatikisa kichwa, asithubutu kuondoa mikono.

"Basi huo ni wa mtoto," sauti ikasema, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikatoka mlangoni.

Baadaye Muthamia alimweleza mkewe. Alimpeleka hata kaburini kwa Rwamba. Winfred alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za jirani, akamshika mkono na kumwambia, "Pole sana, mzee."

Kiende mdogo alinenepa, akaanza kutembea. Lakini mvua ikinyesha na mto ukisikika, huenda mlangoni, akashika mwimo, akanyoosha mkono upande wa maji na kuomboleza, kilio kirefu cha mtu mzima, hadi sauti inakauka. Babu yake humpakata pale kizingitini, wakalia pamoja.

Siku moja Winfred alitoka jikoni, mikono ina unga, akawakuta.

"Kwani huyu mtoto analilia nani kila mvua?"

"Analilia mtoto wake," Muthamia akasema.

"Mtoto wake! Na hata mwaka na nusu hajafika." Winfred akacheka, macho yakamkunjika pembeni, akarudi kugeuza chapati zisiungue.