Mnunuzi wa Bastola ya Babu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima nilipoegesha gari kwenye uwanja wa maonyesho wa kaunti. Bastola ya babu ilikuwa kwenye kiti cha pembeni yangu, imefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, msimu wa kuwinda kulungu umekaribia, na magari yalijaa mpaka barabarani. Nilikuwa nimekuja kuuza. Sikuja kununua.

Watu wa mjini wakisikia kwamba sikosi maonyesho ya bunduki, huniuliza kama kweli yanamfaa mnunuzi. Nawajibu bila kuzunguka. Ukitaka bunduki mpya, nenda dukani. Bei ni ile ile, na dukani hulipi kiingilio wala hukanyagwi vidole na wanaume wenye vitambi. Lakini ukitaka kitu cha zamani, kitu kilichotolewa chini ya kitanda cha marehemu fulani, hapo maonyesho hayana mpinzani.

Kuna pia jambo jingine linalowavuta watu, ingawa hawalisemi. Wenye maduka hupiga simu serikalini kumchunguza mnunuzi kabla ya kumkabidhi silaha. Sisi raia, mtu na bunduki yake moja begani, bei imeandikwa kwenye karatasi iliyochomekwa mdomoni mwa mtutu, hatupigi simu. Hatuulizi jina. Kwetu, kumuuliza mtu anaitaka ya nini ni kumkosea adabu.

Siku ile nilifurahi kwamba mambo yako hivyo. Naona aibu hata kuandika.

Bastola ilikuwa ya mdogo wangu, Arlis. Ilitoka kwa babu yetu Cletus, mchimba makaa ya mawe, ambaye jioni moja aliingia nayo ghalani, akafunga mlango, na hakutoka tena akiwa hai. Baba aliificha maisha yake yote. Baba alipokufa Arlis akaitaka, nami nikamwachia.

Kisha mgodi ukafungwa na mgongo wa Arlis ukaharibika. Akawa hali, halali, anakaa tu jikoni akitazama ukuta. Mkewe, Nadine, akafanya wanavyofanya watu wa vilima vyetu mtu wao akifika hapo. Alikusanya bunduki zote za nyumbani, akazifunga kwa mablanketi, akaniletea nizitunze mpaka mumewe apate nafuu.

"Shemeji, hizi zingine kaa nazo," aliniambia mlangoni. "Lakini hiyo ya babu, hata ndani kwako usiingize. Ipeleke polisi wakaikate vipande. Niahidi."

"Nakuahidi."

Sikuipeleka. Nilijiambia ni dhambi kukata chuma kizuri namna ile. Nilijiambia nikiiuza nitanunua darubini mpya ya bunduki yangu ya kulungu. Na kila usiku simu ililia.

"Kaka," Arlis alininong'oneza. "Nipe ile ya babu tu. Zingine sizitaki."

"Haiwezekani, mdogo wangu. Lala."

"Inaniita, Emmett."

Usiku mwingine alilia. Usiku mwingine alikaa kimya tu, nami nikakaa kimya upande wangu, simu imenilalia kifuani, mpaka mmoja wetu asinzie.

Basi nikaipeleka maonyeshoni.

Mlangoni wanajeshi wastaafu waliikagua kama wanavyokagua kila silaha, wakaona haina risasi, wakapitisha uzi wa plastiki ili isiweze kufyatuka. Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta ya bunduki, bisi na nyama iliyokaushwa. Niliomba nafasi kidogo kwenye meza ya Hobart, muuza visu, mtu tunayefahamiana naye tangu shule.

"Emmett! Bado upo? Nilidhani mkeo ameshakuua."

"Akiniua nani atanunua visu vyako vibutu?"

Alicheka. Kisha nikafungua kitambaa, na kicheko kikakatika.

"Hiyo si ya Cletus?"

"Ndiyo hiyo."

Hobart alijifanya anapanga visu. "Haya," akasema. "Ila isogeze kidogo. Isiguse vyangu."

Wanunuzi walikuja. Kila mmoja aliinua bastola, akaipima uzito mkononi, akaisifu. Kila mmoja aliirudisha mezani na kujipangusa kiganja kwenye suruali. Hakuna aliyeuliza bei mara ya pili. Wenye maduka wakaanza kufunga masanduku. Nusu ya taa za ukumbi zikazimwa, na watu wakawa wanasukumana kuelekea mlangoni. Nilikuwa nimeshaanza kukifunga kitambaa.

Harufu ikaja kwanza.

Ilinuka kama kitunguu saumu kilichooza. Niliijua. Ni harufu ya kabaidi, ile dawa waliyoichoma wachimbaji wa zamani kwenye taa zao za kofia. Babu alinukia hivyo. Lakini taa zile... nani anazitumia siku hizi?

"Inauzwa?"

Mzee alikuwa amesimama mbele ya meza. Sikumwona akija. Alivaa koti la turubai lililolowa mabegani, ingawa nje hakukuwa na mvua. Ukingo wa kofia ulimfunika macho. Mikunjo ya vidole vyake ilikuwa myeusi kwa vumbi la makaa.

"Inauzwa," nikasema.

"Wewe ndiye unayeuza?"

"Mimi."

"Kwa hiari yako?"

Hapo nilikasirika. Mtu anayejua desturi zetu haulizi hivyo.

"Mzee, mimi sikuulizi lako, na wewe usiniulize langu. Ukiichukua ni yako. Ipeleke unakotaka."

"Ninakotaka," akarudia. Polepole... Kama mtu anayeonja neno.

Aliichukua pamoja na kitambaa chake, bila kuikagua. Hakuigeuza, hakuchungulia mtutu, hakubishana bei. Sijawahi kumwona mnunuzi wa namna hiyo. Aliniwekea noti mkononi, na vidole vyake vilipogusa vyangu, baridi ilinipanda mpaka kwapani.

Nilipoinua kichwa hakuwapo.

"Ameenda wapi?" nikamuuliza Hobart.

Hobart alinyoosha kidole nyuma ya ukumbi, kwenye mlango wa kwenda banda la ng'ombe. "Kule. Na ndiko alikotokea."

"Mlango ule haujafungwa?"

"Una mnyororo tangu Agosti," Hobart akasema. Hakunitazama tena. Alikuwa anatupa visu vyake sandukuni ovyo ovyo, na Hobart si mtu wa kutupa visu ovyo.

Ningemfuata yule mzee. Badala yake nilikimbia kwenye meza ya darubini kabla haijafungwa. Nikainunua ile niliyoitaka, nikasimama hapo nje nikiutazama nayo mwezi ukichomoza, na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Niliona raha. Hilo ndilo linalonitafuna kuliko yote.

Njiani nilingoja simu ya Arlis. Saa yake ya kupiga ilifika nikiwa kwenye kona za mto. Simu haikulia. Nikatabasamu peke yangu, nikawaza, leo angalau amelala mapema. Nikaendelea kuendesha. Kisha tabasamu likanigandia usoni.

Arlis hakuwa amekosa kupiga hata usiku mmoja.

Nikageuza gari.

Nadine alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nyumba yao ilikuwa giza isipokuwa jikoni. Mbwa wao, ambaye humbwekea hata mleta barua aliyemzoea, alikuwa amejikunyata chini ya ngazi za baraza na hakutoa sauti. Nikasukuma mlango.

Kitunguu saumu kilichooza.

Arlis alikuwa mezani. Mbele yake kilikuwa kitambaa cha jikoni kilichofunguliwa, na juu yake bastola ya babu. Uzi wa plastiki ulikuwa umeshakatwa. Mkono wake ulikuwa juu ya meza, karibu nayo sana.

"Arlis."

"Kaa, kaka." Sauti yake ilikuwa tulivu. Utulivu ule uliniogopesha kuliko bastola. "Mzee ametoka sasa hivi. Hamkupishana?"

"Mzee gani?"

"Uliyemtuma."

Nilishika kiti nikakaa. "Sikumtuma mtu."

"Alisema, 'Kaka yako amenipa hii kwa hiari yake.'" Arlis alikuwa anatazama ukuta. "Nikakaa nikawaza, Emmett hawezi. Halafu nikasema, mbona anaweza? Nampigia kila usiku. Nadine naye amekonda. Kama hata kaka yangu ameona ni bora nipumzike, basi mimi nani nibishe?"

"Hapana. Arlis, hapana. Nitazame mimi."

"Nilikuwa nangoja simu yako tu. Nilijiambia ukipiga, sitafanya."

Sikuwa nimempigia. Hata siku moja sikuwa nimempigia mimi. Daima alinipigia yeye.

Niliweka kiganja changu juu ya bastola. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na naapa ilivuta. Ilivuta kuelekea upande wake, kidogo kidogo, kama mbwa anavyovuta kamba. Niliikandamiza kwa mikono yote miwili na kuiburuta kuja kwangu. Niliitia kwenye sufuria ya chuma ya Nadine, nikafunika, nikaitoa nje na kuifungia nyuma ya gari. Kisha nikarudi nikamkumbatia mdogo wangu. Alikuwa mwepesi. Nilisikia mbavu zake. Nililia mimi, yeye hakulia.

Nadine alipofika tulimpeleka Arlis hospitali sote watatu, tukiwa tumebanana kiti cha mbele. Katikati ya safari Nadine aliuliza ilifikaje pale nyumbani. Nikamwambia ukweli. Hakunitukana. Aligeuza uso dirishani, na mpaka leo huniita Emmett. Shemeji sijalisikia tena.

Afisa wa polisi wa kaunti alikuja kunihoji. Alinisikiliza, kisha akafunga kalamu yake.

"Ungeuza kupitia dukani, mzee wangu, ningekuwa na jina lake, anwani yake na sura yake. Wewe una nini?"

"Harufu," nikasema.

Alinitazama kwa huruma. Kwa maoni yake kuna mtu anayeijua familia yetu, aliyeiona bastola pale mezani akaitambua, akaona ni wema kuirudisha nyumbani. Huenda alipita njia ya mkato ya mgodini wakati mimi nachezea darubini. Huenda ni kweli. Afisa aliichukua bastola ikakatwe kwenye karakana ya kaunti, nami nikaomba kuwapo. Moto ulipogusa chuma, ile harufu ilijaa chumba kizima. Nilirudi nyuma mpaka ukutani.

"Ni gesi tu ya kukatia," fundi akaniambia. "Nayo hutoka kwenye kabaidi. Usijali."

Nilitaka sana kumwamini.

Nilikwenda kumwona shangazi Opal, dada wa mwisho wa baba, aliye hai peke yake kati ya watoto wa Cletus. Nilimsimulia kila kitu. Alikuwa anakunja nguo, na aliendelea kukunja mpaka nilipofika kwenye maneno ya yule mzee. Hapo akaacha.

"Baba yangu naye hakuinunua ile bastola," akasema. "Aliletewa. Alikuwa anaumwa mapafu, analia usiku, nyumba nzima hailali. Mzee mmoja akaja jioni. Akasema ametumwa na kaka wa baba."

"Na kaka yake alisemaje?"

"Alikana. Alikana mpaka siku anaingia kaburini." Shangazi aliokota shati lililoanguka. "Hatukumuuliza mara nyingi. Ulikuwa ukimuuliza, unaona vibaya kumtazama."

Arlis alitoka hospitali kabla ya Krismasi. Anapata dawa, anakutana na daktari wa mambo ya huzuni, na mchana anakuja kwangu. Sasa ni mimi ninayempigia kila usiku. Amenenepa kidogo. Darubini nilimpa Hobart bure, akakataa, nikaitupa mtoni.

Jana tulikuwa tumekaa barazani juani, tunakoboa njugu. Alikuwa amenichekesha kuhusu viatu vyangu. Kisha akazungusha njugu moja kiganjani.

"Kaka."

"Naam."

"Ulipomwambia yule mzee aipeleke anakotaka... ulikuwa unanifikiria mimi?"

Nilimfikiria. Mungu anisamehe, nilimfikiria. Ilinijia picha ya usiku mmoja mtulivu, simu imelala mezani, hailii. Usiku huo mmoja niliutamani kiasi kwamba sikutaka kujua nitaupataje.

"Hapana," nikasema.

Nilijibu haraka mno. Arlis alinitazama, kisha akatazama mikono yangu, iliyokuwa imeacha kukoboa.

"Sawa," akasema kwa upole, akaendelea kukoboa njugu.