Debe Lililojaa Pomoni

Siwema wa Kidete alikuwa mtu wa kujaza. Ukimwomba chumvi, alikujazia kiganja mpaka ikamwagika. Kijiji cha ujamaa kilipopata mashine ya kukamua alizeti, watu walisema, "Mafuta apewe Siwema. Yule hapunji mtu."

Basi Siwema na mumewe Petro walikamua mafuta, wakajaza debe mpaka juu kabisa. Jirani yao, fundi bati Urbanus, alichomelea kifuniko. Debe likapanda treni kwenda duka la ushirika Kimamba.

Lilifika limepasuka. La pili nalo likapasuka. Wapakuzi waliyadondosha kutoka behewani, na wala hawakushtuka. Mizigo huanguka kila siku.

Kijijini maneno yakaanza. "Mafuta yamemwagika, au yameuzwa njiani?" Siwema aliyasikia kisimani. Alirudi nyumbani akalia.

"Tumwachie mwingine kazi hii," Petro alisema.

"Nikiacha sasa, nitaitwa mwizi mpaka nife. Twende kwa fundi."

Walimkuta Urbanus akigonga bati.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Karibuni. Najua mmekuja kunilaumu."

"Madebe yamepasuka kwenye mshono," Siwema alisema. "Na mshono ni wako."

"Huenda ni wangu, huenda si wangu. Tujaribu kwa maji, mafuta tuyaache."

Urbanus alichukua makopo mawili yanayofanana. Moja alilijaza maji pomoni. Jingine aliliachia nafasi kidogo juu. Akayafunga yote kwa namna moja. Petro akapanda mezani, akayaachia yaanguke moja moja.

Kopo lililojaa lilipasuka, maji yakamrukia fundi usoni. Lile lenye nafasi lilibonyea tu. Walirudia kwa makopo mengine. Ikawa vile vile.

"Sasa sikilizeni," Urbanus alisema huku akijifuta. "Debe likianguka, bati hubonyea kwa ndani. Mafuta hayabonyei. Yakikosa pa kwenda, yanasukuma mshono mpaka unaachia. Lakini hewa hubonyea. Ukiacha hewa kidogo juu, mafuta yanapata pa kusogea. Kwa debe, acha vidole viwili."

Siwema alikunja uso. "Kimamba watasema nimepunja."

Kisha akatabasamu. "Mafuta ya vidole viwili nitayatia kwenye chupa. Chupa nitaishika mwenyewe."

Safari ile Siwema alipanda treni pamoja na debe lake. Kimamba, mpakuzi alilivuta, likamponyoka. Puu! Siwema alifumba macho.

Magreti, msimamizi wa duka, aliinama akapapasa chini ya debe. Pembe moja ilikuwa imebonyea.

"Kavu," alisema.

"Papasa tena, ndugu yangu."

"Kavu kabisa, mama."

Siwema alicheka, machozi yakimtoka. Moyo wake ulitua. Magreti alipofungua debe, Siwema alimpa ile chupa. Mafuta yakamiminwa, yakafika juu kabisa. Hakuna tone lililopungua.

Habari zilifika Kidete kabla yake. Kisimani, wanawake waliomsema walimtwisha ndoo bila kuombwa. "Tusamehe, Siwema," mmoja alisema.

"Yameisha," akajibu.

Siku hizi hata wenye asali huacha nafasi kwenye madebe yao. Siwema mwenyewe hajabadilika. Ukimwomba chumvi, bado anakujazia mpaka imwagike. Ila debe la safari huliachia vidole viwili.