Pneu za Theluji Alizozikataa Bwana Yangu

Mimi ni mama wa miaka makumi tatu na tisa, nina watoto wane, nakaa Majengo hapa Goma. Wasomaji wenzangu, naandika mambo haya... Kwa miaka miwili watu walimuita bwana yangu muuaji wa dada yake. Mimi nilijua ukweli. Nikanyamaza!

Bwana yangu, Bauma, ni shofere. Alikuwa akipeleka wachuuzi toka Goma mpaka Kampala, safari ndefu ya lami, mara mbili kwa mwezi. Ni mutu mupole. Sijamuona hata siku moja akishika usukani amekunywa pombe.

Pneu za gari lake, yaani matairi, zilipoanza kuisha, nilimuandikia kaka yangu Patrick anayeishi Ubelgiji. Hakukawia. Zikafika pneu ine, nyeusi tii, zenye meno marefu. Lo, nilivyojivuna! Nilizipanga mbele ya mulango ili kila jirani azione. Jamaa ya bwana yangu, watu wa milima ya Masisi, siku zote walituona sisi wa upande wangu watu wa mikono mitupu. Nilitaka wajue kwamba nasi tuna mutu Ulaya.

Bauma aliinama, akazigusa, akanionyesha alama ndogo ubavuni: mulima na chembe ya theluji ndani yake.

"Mama Gloire, hizi ni pneu za neige, za theluji," akasema. "Ni za inchi za baridi. Mupira wake ni laini. Kwa matope ya Masisi zingenisaidia. Lakini lami ya moto, gari limejaa, masaa na masaa... zitachemka hizi. Zitapasuka."

Mekanisyen wake, fundi wa magari wa Murara, alimuambia vile vile. Na mimi, nilisikia? Hapana! Nilimuambia, mbele ya wadogo zake waliokuwa wamekuja kutusalimia, kwamba zawadi ya kaka yangu inamunukia kwa sababu haikutoka kwao. Nikamuuliza kama yeye ni shofere ao ni muoga. Wadogo zake wakacheka.

Siku tatu sikumusalimia. Siku ya ine akazifunga.

Safari mbili za kwanza alirudi muzima. Nikamucheka: unaona sasa? Yeye alisema tu kwamba zinaliwa haraka kama sabuni, na akifunga breki gari linayumba. Nikamuambia aache maneno mingi.

Safari ya tatu, Mapendo aliomba kwenda naye. Mapendo alikuwa dada yake mudogo, mushonaji, alitaka kujichagulia vitambaa mwenyewe kule Kampala. Asubuhi ile alipita kwetu, akanipima mabega na kamba yake huku akicheka, eti ataniletea kitambaa kizuri kushinda cha mke wa pasta... Ningejua namuona mara ya mwisho!

Muchana wa kesho yake nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, simu ikalia. Sauti nisiyoijua, Kiswahili cha kuvunjika-vunjika. Mbele ya Mbarara, kwenye jua kali, pneu ya nyuma imepasuka. Gari limepinduka. Mwanamuke mumoja amekufa. Shofere yuko hospitali, muguu umepondeka.

Ningefanya nini? Karatasi yangu ya kuvuka mupaka ilikuwa imeisha muda. Nilipiga ile namba tena na tena, haikushikwa. Nilikaa chini penye kinu, mutwango ukiwa mukononi, sikuweza hata kulia...

Mapendo aliletwa ndani ya sanduku. Tulimuzika Mugunga, kwa mama mukwe wangu. Pale msibani mutu mumoja akasema labda Bauma alikimbiza gari. Neno likazunguka, na wadogo zake waliocheka siku ile hawakulikanusha. Mpaka jioni lilikuwa limekuwa ukweli! Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mukeka ule ule, naangalia vidole vya miguu yangu.

Bauma alirudi baada ya wiki sita, amebaki na muguu mumoja, magongo mawili. Alienda kwanza kwa mama yake.

"Ulikuwa unakimbilia wapi na mutoto wangu?" mama akamuuliza.

Bauma akaniangalia. Mara moja tu! Kisha akainamisha kichwa.

"Unisamehe, mama."

Mama akageuza uso, akaangalia ukuta.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu polepole: "Nikisema, watakufukuza. Na watoto watalishwa na nani? Mimi unaniona vile niko."

Jamani! Mutu niliyemuita muoga...

Kila mwezi nilijiambia, mwezi huu nitasema. Nitaenda Mugunga, nitapiga magoti. Nilikuwa naenda kweli, lakini na kikapu cha unga na maneno ya salamu. Mama mukwe alipoanza kuugua, mimi ndiye nilimunywesha uji. Bauma alikuwa anakaa inje juu ya jiwe, kila Jumapili tangu ibada iishe mpaka jua lizame, akingoja aitwe. Hakuitwa. Mimi nilipita mbele yake na bakuli, naingia, natoka, mudomo umefungwa.

Siku alipokufa, mama aliita watoto wake wote kwa majina, mumoja mumoja. Hata Mapendo alimuita. Jina la Bauma aliliruka.

Siku ya tatu ya matanga nilisimama, nikasema yote. Pneu, matusi yangu, kicheko cha wadogo zake Bauma, kila kitu. Muzee Shamavu, baba mudogo wa Bauma, akaniangalia.

"Mama," akasema, "juzi mama yake alikuwa angali hai."

Hakuna aliyenifukuza. Heri wangenifukuza! Bauma anakula ninachopika, anasema asante, anaangalia upande mwingine. Nifanye nini tena? Sijui...

Wamama wenzangu, pneu ya theluji si ya lami ya moto na safari ndefu, hata ikiwa mupya, hata ikitoka kwa ndugu yako. Shofere akikuambia hapana, musikilize, yeye ndiye anayejua njia. Na kama umemubebesha mutu kosa lako, ninakuomba, usingoje mwezi ujao. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya kusema. Nikachelewa siku tatu.