Andika Hoteli

"Binti, hapa kwenye anwani mbona hujajaza?"

Olfa aliitazama kadi ya kuingilia. Jina alishaandika. Kazi alishaandika: mwalimu wa shule ya msingi, Beja, Tunisia. Ulibaki mstari mmoja tu, wa kusema ndani ya Algeria atafikia kwa nani.

"Nipe dakika mbili, afande. Naulizia."

Mara tatu alishavuka mpaka huu na begi mgongoni kumfuata mpenzi wake, Nadir wa Annaba. Walizunguka wote mpaka Ghardaia kule jangwani, wakila mkate na dengu vituoni, wakicheka kama watoto. Safari hii ilikuwa nyingine. Nadir alimwahidi kumpeleka kwao, akamwone mama. Ndiyo maana begini mlikuwa na chupa ya harisa, pilipili aliyoitwanga mama yake Olfa kwa mikono yake, zawadi ya mkwe kwa mkwe.

Akaandika ujumbe: "Nipe anwani ya kwenu, naijaza kwenye kadi."

Jibu likaja upesi: "Andika hoteli, kama siku zote."

Olfa akapiga.

"Kwani siendi kwenu?"

"Usikasirike, mpenzi. Mama bado sijamwambia. Ana presha, na mimi ndiye mwanawe wa pekee. Akisikia mchumba wa nchi nyingine..."

"Nchi nyingine! Miaka miwili, Nadir, leo ndiyo umeiona ramani?"

"Njoo kwanza, tutakwenda milimani, utafurahi."

"Kwa hiyo mimi ni wa safarini tu? Njiani unanipenda, nyumbani hunijui?"

Olfa akakata simu.

Alikaa kwenye benchi, begi magotini. Teksi aliyokuja nayo ikaondoka bila yeye. Bibi mmoja kando yake alikuwa akimtajia askari anwani ya bintiye kwa kichwa, mpaka ghorofa na rangi ya mlango. Kila mtu pale alikuwa na jina la kuandika. Yeye kwao ameshatoka, kwa Nadir hajaingia, na duniani hapakuwa na mtu aliyejua amekaa wapi.

Akalivaa begi, akarudi kwa miguu.

"Dada, si umetoka sasa hivi?" askari wa Tunisia alishangaa. "Umesahau nini?"

"Sijasahau, kaka. Nimekumbuka."

Siku kumi hakupokea simu ya Nadir. Chupa ya harisa ilikaa kabatini haijafunguliwa. Mama yake aliiona, akaufunga mlango wa kabati taratibu, asiulize kitu. Siku ya kumi na moja, adhuhuri, simu ikaita kwa namba ngeni.

"Olfa, usikate! Niko mpakani, upande wenu. Askari anataka anwani. Kwenu ni mtaa gani?"

Moyo ukamruka. Mdomo ukakaza.

"Andika hoteli."

"Olfa, tafadhali..."

"Kama siku zote."

Simu ikakwaruza, mtu akaipokonya. Ikaja sauti ya mama mtu mzima, pumzi zikimpanda.

"Mwanangu, mimi ndiye yule mwenye presha. Huyu hali, halali, nikambana mpaka akatapika yote. Mtoto wa watu kafika mlangoni kwangu, eti hoteli! Nani kamfunza adabu hiyo? Sasa nimekuja mwenyewe, na magoti yangu hayawezi ngazi za hoteli. Nitajie mtaa."

Olfa akalia. Alilia kwa sauti mpaka mama yake akatoka jikoni mbio, unga mikononi.

"Mtaa wa Kisima, mama," alisema akijifuta machozi. "Nyumba ya kumi na nne. Mlango wa buluu. Harisa yako iko kabatini, inakungoja."

"Haya, askari ameandika. Na huyu mwanangu je, naye tumwandike wapi?"

Olfa akavuta kamasi.

"Huyo, mama, mwandikeni hoteli."

Yule mama alicheka mpaka akakohoa, na nyuma yake Olfa akamsikia Nadir akimwuliza askari kama Beja kuna hoteli iliyo karibu na mtaa wa Kisima.