Jina la Akiba

Suruali ya mwandishi wa programu za kompyuta ilipasuka nyuma akiwa kwenye foleni ya benki, na bahati yake, aliyesimama nyuma yake alikuwa fundi cherehani.

"Kaka, usigeuke," binti alinong'ona, akachomoa sindano na uzi mkobani. "Ukitikisika nakudunga."

"Nidunge tu, dada. Moyoni umeshanidunga."

"Mh! Wangapi wameshaambiwa hayo?"

Tangu siku hiyo kijana akamwita Sindano.

Miezi minane baadaye, Sindano akiwa kwenye cherehani yake, ujumbe ukaingia kutoka kwa kijana yule, sasa mpenzi wake: "Kipusa, tukutane Alhamisi saa kumi. Usikose."

Wivu ukampanda. Mkono wa gauni la mteja akaushona nje ndani. Akapiga simu.

"Kipusa ni nani?"

"Sindano wangu, hebu nikueleze…"

"Wako ni Kipusa!"

Akakata. Hata hivyo, jioni alimfuata ofisini, kavaa gauni jekundu alilojishonea mwenyewe, lile linalomfanya kijana asahau sentensi katikati.

"Eleza."

"Ni programu ndogo. Naandika ujumbe, naacha nafasi tupu: hapa jina, hapa siku. Yenyewe inajaza. Zahanati wanaitaka, iwakumbushe wagonjwa miadi. Leo nimeijaribu kwa namba yako, nikasahau kuweka jina. Ikikosa jina, inachukua la akiba."

"Na la akiba ni Kipusa."

Akainamisha kichwa. "Nilianza kuiandika nikiwa naye. Tumeachana miaka mitatu sasa. Sikulifuta tu."

"Miaka mitatu! Mimi uzi mmoja ukining'inia silali."

Akalifuta mbele yake. "Haya, naweka lako."

"Thubutu! Mimi si wa kujazia pengo la mtu."

Kijana akafikiri. Akaiandikia programu amri mpya: jina likikosekana, ujumbe usiende. Kisha akaandika: "Mama, Jumamosi nakuja na…", akaacha nafasi. Akabonyeza. Programu ikagoma.

"Inakusubiri wewe," alisema, akamsogezea kibodi.

Sindano akaitazama ile nafasi mpaka macho yakalowa. Kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akaandika: mkweo.

Kijana akabonyeza tena, ujumbe ukaenda. Haikupita dakika, simu yake ikaita.

"Ni yule aliyekushonea suruali benki?" mama alipaza sauti. "Mlete!"

Sindano akampokonya kijana simu. "Shikamoo, mama. Samahani, Kipusa ulikuwa unamjua?"

"Marahaba, mwanangu. Kipusa ndiye nani tena?"

Hapo ndipo Sindano alipocheka.