Hedifoni za Mama

Siku ambayo mama hakufika studio, hedifoni zake zilikuwa zimening'inia kwenye msumari wake kama kawaida, na binti yake alizitazama asubuhi nzima akidhani ni foleni tu imemchelewesha. Simu ililia kabla ya chai. Mjomba, mwenye studio, ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akasema "ndiyo", akasema tena "ndiyo", kisha akaenda mlangoni akazima ile taa nyekundu inayowaambia watu wa nje kwamba ndani wanarekodi. Haikuwa kawaida kuzimwa mchana. Binti akaelewa kabla hajaambiwa.

Jirani alimkuta mama sakafuni, kando ya meza ya kupigia pasi. Moyo. Gauni la kazini lilikuwa limeshanyooshwa, na pasi alikuwa ameichomoa.

Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Binti, au Msomaji, maana hilo ndilo jina alilojulikana nalo pale studio, aliwakaribisha, akawaaga, akaosha vikombe. Hakulia. Mama mdogo alimnong'oneza mwenzake kwamba machozi ya mtoto huyu yatakuja na riba. Hayakuja.

Kazi yao ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti, kwa ajili ya vipofu, madereva wa safari ndefu na watu ambao macho yao yamechoka. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Binti alikaa mbele ya maiki, mama alikaa pembeni kwenye mashine, na kwa kuwa hapakuwa na kioo kati yao, mama alivaa hedifoni za kufunika sikio zima, zilizozibwa nyuma, ili sauti ya ndani isivuje ikarudi kwenye maiki. Alikuwa nazo tangu binti akiwa shule ya msingi. Ngozi ya sponji zake ilikuwa inabanduka, na jioni mama alitoka kazini na vipande vyeusi shavuni. Binti alikuwa akimwambia, "Mama, una sisimizi tena," na mama akijipangusa shavu la pili, lisilo na kitu.

Mama alipoondoka walikuwa wamefika katikati ya kitabu kinene. Msomaji akarudi kazini, akavaa hedifoni zile, akawa anasoma na kuendesha mashine mwenyewe: anasikiliza sentensi ya mwisho aliyosoma, halafu anaendelea hapohapo. Upande mmoja wa hedifoni ulikuwa umekufa, na sponji hazikuziba tena. Mama alikuwa akikaa mbali na maiki. Binti alikuwa nayo pua kwa pua. Kila alipoanza kusoma, sentensi iliyotangulia ilivuja kutoka masikioni mwake ikaingia tena.

Mjomba alisikiliza sura mbili, akavua miwani.

"Kuna mtu anasoma nyuma yako," alisema.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe, mjomba. Lakini sura hizi hazipokeleki."

Akamweleza taratibu, akiangalia meza. Wenye kitabu walikitaka mwisho wa mwezi. Kikichelewa watatafuta msomaji mwingine, na msomaji mwingine hasomi nusu. Ataanza ukurasa wa kwanza, na yote waliyorekodi yeye na mama yake yatafutwa. Mjomba hakutaka hilo, kwa sababu marehemu alikuwa dada yake, lakini kitabu hakikuwa chake.

"Tafuta hedifoni nyingine," alisema.

"Sawa," alijibu Msomaji.

Jengo la vifaa vya umeme lilikuwa na ghorofa tatu, na kila duka lilipiga muziki wake kushindana na la jirani. Msomaji alipanda ngazi katikati ya watu, amevaa gauni jeusi lililofungwa vifungo hadi shingoni, viatu vya chini, kitambaa cha kichwa kimefungwa bila kioo. Kwenye kona mtu aliyebeba kasha la televisheni alimpiga kumbo. Mkoba ukafunguka, hedifoni za mama zikateleza sakafuni kati ya miguu ya watu.

Mkono ukazinyakua kabla hazijakanyagwa. Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, bisibisi nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Hakumtazama msichana. Alizitazama hedifoni, akazigeuza, akapuliza vumbi.

"Hizi zimefanya kazi," alisema.

"Bado zinafanya."

"Upande mmoja."

Akashangaa amejuaje. Kijana, fundi wa hapo, akamwonyesha waya, ulivyopinda karibu na kikombe cha sikio la kulia. Duka lake lilikuwa palepale, upana wa mlango na nusu, ukuta mzima umetundikwa hedifoni kama sufuria jikoni. Akamkaribisha kiti, akamuuliza anataka za kazi gani. Alipoelezwa, aliziondoa kwanza zote zenye matundu nyuma. Hizo ni tamu, alisema, muziki unapumua, lakini ni kama nyumba isiyo na mlango: kila anachosikia, maiki nayo itasikia. Akamshushia tatu zilizozibwa.

Wateja wengine hujaribu kwa muziki. Msomaji alitoa simu yake, akachomeka waya, akafumba macho. Fundi akasubiri. Baada ya kitambo akamwomba naye asikilize, kwa adabu ya biashara, na hakusikia chochote.

"Dada, simu yako haichezi."

"Inacheza."

"Inacheza nini?"

"Kimya."

Akadhani anataniwa, akacheka. Msomaji hakucheka. Ikabidi amweleze. Kila jioni baada ya kusoma, mama alikuwa akirekodi kimya cha chumba, kidogo tu, cha kuzibia viraka pale wanapokata makosa, kwa sababu kila chumba kina kimya chake na huwezi kuazima cha chumba kingine. Hiki kilikuwa cha jioni ya mwisho. Ukisikiliza vizuri, kuna mtu anapumua.

Fundi hakusema pole. Alivuta pazia la duka, akavaa hedifoni ya kwanza tena, akaibana kwa viganja.

Ya kwanza ilikuwa na besi nzito, na pumzi ya mama ilikuwa kama mtu aliye ndani ya pipa. Ya pili ilikuwa nyepesi, inakaa kichwani kama kofia, lakini muziki wa duka la jirani uliingia wote. Ya tatu iliziba vizuri, pumzi ikasikika karibu, ila ilibana mikono ya miwani ya Msomaji mpaka akaona nyota. Alizivaa zote mara mbilimbili. Kila mara, pumzi zilipokaribia mwisho, alivua haraka. Fundi aliona.

"Ipi?" aliuliza.

"Zote sawa."

"Haziwezi kuwa sawa."

"Sawa."

"Wewe kila kitu sawa. Nikikwambia duka linaungua, utasema sawa."

Akamtazama. "Linaungua?"

"Hapana."

"Sawa," alisema Msomaji, na pembe moja ya mdomo wake ikasogea.

Hakununua siku hiyo. Fundi alisema kuna aina nyingine inakuja, akamwomba namba ya simu amjulishe. Pia aliomba amwachie kimya kile kwenye simu yake, ili ajaribu mwenyewe zitakapofika. Akampa bila kufikiri. Njiani akashangaa, maana hata mjomba hakuwahi kukisikia.

Aina nyingine ziliendelea kuja. Fundi alipiga simu kusema zimefika, akapiga kusema hazifai, akapiga kuuliza amekula. Msomaji alipita jioni baada ya kazi, akalinganisha, akakataa, na siku moja alijikuta amebadilisha gauni jeusi kwa la buluu na hakumbuki alilivaa saa ngapi. Fundi alimwita Mteja Asiyenunua. Alimwambia ameshavaa hedifoni nyingi kuliko ukuta wenyewe, na kwamba akipata anayoitaka yeye atafunga duka kwa huzuni. Walikula wakiwa wamesimama kaunta. Chakula bado hakikuwa na ladha, lakini alikimaliza. Mwezi nao ulikuwa unakwisha, na sura zilizokataliwa zilikuwa palepale.

Siku moja Fundi alimwomba amwachie hedifoni za mama. Anataka kuzilinganisha na mzigo mpya, alisema, zikiwa kichwani kwake kwa utulivu. Alisita, kisha akaziacha, zikiwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa.

Alipozirudia, Fundi alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, jambo ambalo jirani zake wa duka walikuwa wameshamtania nalo tangu asubuhi. Alimkabidhi mfuko kwa mikono miwili.

"Fungua, mpenzi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Waya ulikuwa mpya. Upande uliokufa ulikuwa unaongea. Na sponji zilikuwa mpya, nyeusi, nono, zinang'aa. Fundi alikuwa ameifanya kazi hiyo siku mbili, na aliipenda kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya.

Msomaji aliinua hedifoni akazinusa. Zilinuka plastiki.

"Zile za zamani ziko wapi?"

"Zilikuwa zimekwisha kabisa. Nimezitupa."

Akatikisa kichwa polepole. Mafuta ya nywele za mama yalikuwa yameingia ndani ya sponji zile kwa miaka. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, Msomaji alikuwa akizivaa tu, akakaa. Hakuwa amemwambia mtu.

"Asante," alisema. Akafunga mfuko, akashuka ngazi, na hakurudi.

Fundi hakuelewa mpaka aliposimama mwenyewe na mfuko wa sponji mpya mkononi, akazinusa. Alikimbilia pipa la nyuma ya jengo. Lilikuwa tupu. Akawauliza wafagiaji, wakamwonyesha njia ambayo gari la taka lilipita. Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta, akaandika: *Sikujua. Nisamehe.* Ulisomwa. Jibu halikuja. Basi jioni alifunga duka, akavaa hedifoni bora aliyokuwa nayo, akasikiliza kile kimya alichoachiwa, chote, mpaka mwisho.

Msomaji hakuwa na hasira. Aliitafuta hasira, hakuipata, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba kigeni. Alizitundika hedifoni kwenye msumari na kukaa mbele ya maiki bila kusoma. Mjomba alimwona hivyo, siku ya kwanza na zilizofuata. Hatimaye alikuja akasimama mlangoni.

"Kesho wanamleta msomaji wao," alisema. "Nimewaomba leo tu. Wamenipa leo."

"Sawa."

"Usiniambie sawa, mjomba. Mimi pia sitaki afutwe."

Akatoka, akawasha taa nyekundu.

Msomaji alizishusha hedifoni. Akazivaa, akacheza kile kimya, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuanza. Sponji ziliziba barabara. Chumba kikaondoka, akabaki na kile cha jioni ile. Pumzi ya mama ilikuwa pande zote mbili. Akawa anavuta hewa puani, anatafuta harufu ya mafuta, anatafuta, na kwa kutafuta huko akasahau kuvua.

Kitu kikanguruma. Kirefu, cha chini, kikapanda, kikamalizia kwa mlio kama wa mlango. Halafu mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi nzuri, "Haya. Twende nyumbani."

Sauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiikimbia muda wote. Akairudisha nyuma. Ngurumo ile ilikuwa tumbo. Mama, aliyemkatalia binti yake kukaa mbele ya maiki kabla hajala, aliyekuwa akimwambia tumbo lake linasoma kabla ya mdomo, alikuwa na njaa jioni ile na hakusema. Msomaji akacheka. Alicheka peke yake kati ya magodoro mpaka miwani ikaingia ukungu, na alipoivua akaona mashavu yake yamelowa.

Akasoma mpaka sauti ikakauka. Hakuna kilichovuja. Mjomba alisikiliza sura ya kwanza akiwa amesimama, akashika simu kuwapigia wenye kitabu, na akatoka nje ili azungumze. Aliporudi, alisema msomaji wao hatakuja.

Msomaji naye akapiga simu.

"Ni mimi," alisema.

"Najua." Fundi alikuwa na mteja. Alimwacha na kwenda kwenye ngazi. "Nimetafuta pipani. Nimeuliza kila mtu."

"Mwisho wa kile kimya kuna kitu kinanguruma."

"Nakijua. Nilidhani ni lori."

"Ni tumbo la mama."

 Fundi akacheka, akajizuia kwa hofu, akasikia kwamba Msomaji pia anacheka.

"Halafu anasema twende nyumbani," alisema Fundi.

"Ulisikia?"

"Kila jioni. Nilikuwa nasubiri uache kuvua."

Kesho yake Fundi alikuja studio na kigoda chake mwenyewe. Mjomba alimwonyesha kiti cha mama, yeye akakataa kwa adabu, akakaa kando ya ukuta. Walipomaliza sura, alimuuliza Msomaji kama anaweza kuzungumza na mjomba wake juu yao wawili, rasmi, na watu wa nyumbani kwake waje.

"Sawa," alisema Msomaji.

"Sawa ipi hiyo?"

"Hii nimeichagua."

Kitabu kilitoka kizima. Nusu ya kwanza mama yumo chumbani, nusu ya pili hayumo, na anayesikiliza hawezi kujua mpaka wa nusu hizo uko wapi. Wanaishi karibu na jengo lile la vifaa. Kabla ya kwenda studio, Msomaji hula. Sponji nazo zimeanza kubanduka, upande wa kulia, na jioni anarudi na vipande vyeusi shavuni. Nyingine zipo dukani, kwenye droo ya juu. Fundi hazitaji, na yeye hajaziomba.